Ultrasaundi katika upasuaji wa uvimbe wa uti wa mgongo

Daktari anayetoa uvimbe ndani ya uti wa mgongo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake bila kuuona uvimbe wenyewe. Hupasua ngozi, husogeza misuli, huondoa tao la nyuma la pingili, na mwisho hufika kwenye utando mweupe, mgumu, usioonesha kilicho chini yake. Picha za MRI ziko kwenye skrini ukutani, nazo ni sahihi. Lakini zilipigwa siku kadhaa kabla, mgonjwa akiwa amelala chali. Sasa amelala kifudifudi, mgongo umefunguliwa, na sehemu ya mfupa haipo tena. Ultrasaundi humwezesha daktari kuona papo hapo kilicho chini ya utando huo kabla hajaukata, kilicho ndani ya ugwe mgongo kabla hajaupasua, na kilichobaki kabla hajafunga kidonda.

Ugwe mgongo ni mkusanyiko wa neva unaoshuka kutoka ubongoni ndani ya mfereji wa pingili. Kwa mtu mzima una urefu wa karibu sentimita 45, na katika sehemu ya kifua unene wake haupiti kidole kidogo cha mkono. Huishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kuanzia hapo kwenda chini hubaki shada la mizizi ya neva. Katika unene huo mdogo zimepita njia zote za amri za kutembea, kushika, na kuzuia mkojo na haja kubwa, pamoja na njia zinazorudisha ubongoni habari za maumivu, joto, mguso na mahali kila kiungo kilipo. Ugwe umezungukwa na maji maangavu, maji yakazungukwa na utando mwembamba wa araknoidi, na nje kabisa upo utando mgumu uitwao dura. Nafasi ya ziada haipo. Uvimbe wa sentimita 2, ambao mtu angeweza kukaa nao tumboni miaka mingi bila kujua, ukiota hapa humlemaza.

Mahali uvimbe ulipoota ndipo panapoamua upasuaji utakuwaje. Unaoonekana mara nyingi zaidi ni ule wa nje ya dura, na kwa kawaida huo ni saratani iliyosambaa hadi kwenye mfupa wa pingili kutoka titi, pafu au tezi dume. Ndani ya dura lakini nje ya ugwe huota meningioma, hasa kwa wanawake na hasa usawa wa kifua, na shwanoma, inayoanzia kwenye ala ya mzizi wa neva. Nyingi kati ya hizi si saratani. Hukua taratibu, na zikitolewa zote mgonjwa anaweza kupona kabisa. Kisha upo uvimbe unaoota ndani ya ugwe wenyewe: ependimoma, inayoongoza kwa watu wazima, astrositoma, inayoongoza kwa watoto, na hemangioblastoma, ambayo ni fundo lililojaa mishipa ya damu. Uvimbe wa namna hii haufikiwi ila kwa kupasua ugwe ambao bado unafanya kazi, na hapo ndipo ultrasaundi inapokuwa na thamani kubwa kuliko popote.

Shida ya kutojua uvimbe ulipo hasa ilikuwepo tangu upasuaji huu ulipoanza. Tarehe 9 Juni 1887, jijini London, Victor Horsley alimpasua ofisa wa jeshi aliyepooza miguu na kuteswa na maumivu makali ya mgongo. Eksirei haikuwepo, Wilhelm Röntgen aliigundua miaka minane baadaye. Daktari William Gowers alikuwa amekadiria mahali pa uvimbe kwa uchunguzi wa neva tu, akifuatilia ni wapi mwilini hisia zilianza kupotea. Horsley alifungua palipokadiriwa, akakuta ugwe hauna kasoro yoyote. Msaidizi wake, Charles Ballance, alimhimiza asiishie hapo. Mfupa zaidi ukaondolewa upande wa juu, na uvimbe ukaonekana ukiukandamiza ugwe. Ulitolewa, na mwaka mmoja baadaye mgonjwa alikuwa anatembea na amerudi kazini. Upasuaji huo huhesabiwa kuwa wa kwanza kufanikiwa wa aina yake, na mafanikio yake yalitegemea sentimita chache za mfupa na ushauri wa mtu mmoja aliyesimama pembeni ya meza.

Uvimbe wa ndani ya ugwe ulichukua muda zaidi. Anton von Eiselsberg aliutoa kwa mafanikio jijini Vienna mwaka 1907. Mwaka 1911, New York, Charles Elsberg na Edwin Beer walieleza njia ya hatua mbili: ugwe ulipasuliwa kidogo juu ya uvimbe, kidonda kikafungwa, na baada ya kama wiki moja daktari alirudi kuukuta uvimbe umejisukuma nje kwa shinikizo la ndani. Ilikuwa njia ya busara kwa wakati wake, maana haikumlazimisha mtu kuchokonoa asichokiona. Baadaye zilikuja koleo za umeme za kukaushia mishipa midogo ya damu, kisha darubini ya upasuaji katika miaka ya 1950 na 1960, na madaktari wakaweza kuutenga uvimbe na ugwe katika upasuaji mmoja. Darubini, hata hivyo, hukuza kile tu ambacho tayari kiko wazi. Haipenyi dura, wala haioni kilicho ndani ya ugwe.

Sauti hupenya. Ndani ya kichwa cha kupimia cha mashine ya ultrasaundi kuna vipande vyenye sifa iliyogunduliwa jijini Paris mwaka 1880 na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie: vikikandamizwa hutoa umeme. Kinyume chake pia ni kweli. Vikipitishiwa umeme hutikisika na kutoa sauti ya masafa ya juu mno, kupita mbali hezi 20,000 ambazo ndizo mwisho wa sikio la binadamu. Sauti hiyo husafiri ndani ya mwili kwa kasi ya kama mita 1,540 kwa sekunde. Kila inapofika kwenye mpaka wa tishu mbili zisizofanana, sehemu yake hurudi kuwa mwangwi, na vipande vile vile huupokea na kuugeuza kuwa umeme. Mwangwi wa kitu kilicho kina cha sentimita 3 hurudi baada ya takriban sehemu 39 za milioni ya sekunde. Mashine hupima muda huo kwa kila mwangwi, huweka nukta mahali pake, na nukta hizo huwa picha inayojichora upya mara nyingi katika kila sekunde.

Masafa ya sauti huamua ubora wa picha na kina chake, na viwili hivi havipatikani pamoja. Masafa ya juu huonesha vitu vidogo zaidi lakini hayafiki mbali. Ultrasaundi ya mimba hutumia megahezi 3 hadi 5 kwa sababu lazima ivuke ngozi, mafuta, misuli na mfuko wa uzazi. Ugwe mgongo, mfupa ukishaondolewa, uko sentimita chache tu kutoka kwenye kichwa cha kupimia, kwa hiyo daktari anaweza kutumia megahezi 10 hadi 15. Kwa megahezi 10 urefu wa wimbi ni kama milimita 0.15. Ndiyo maana picha ya ultrasaundi iliyopigwa moja kwa moja juu ya dura mara nyingi huonesha mambo madogo kuliko MRI ya kawaida ya hospitali.

Kizuizi ni mfupa. Hurudisha na kumeza sauti kiasi kwamba nyuma yake hubaki giza tupu. Watoto wachanga tu, ambao matao ya nyuma ya pingili zao hayajakomaa kuwa mfupa, ndio wanaoweza kupimwa ugwe vizuri kupitia ngozini katika miezi ya mwanzo ya maisha. Kwa mtu mzima njia ya sauti hupatikana pale mpasuaji anapoondoa tao la pingili, kazi ambayo angeifanya hata kama mashine isingekuwepo. Hilo ni jambo la bahati njema: hakuna mkato wa ziada anaofanyiwa mgonjwa ili ultrasaundi itumike, na hakuna mionzi anayopata.

Mwaka 1958 Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuchunguza uvimbe wa tumboni kwa ultrasaundi. Umma ukaja kuijua mashine hiyo kwa ajili ya mimba, lakini uvimbe ulikuwemo tangu mwanzo. Picha zinazotembea, zilizoenea katika miaka ya 1970, ndizo zilizoifanya ifae chumba cha upasuaji. Mwaka 1982 George Dohrmann na Jonathan Rubin, wakifanya kazi Chicago, walitoa ripoti ya awali ya kuitumia kwenye ugwe mgongo wakati wa upasuaji, kwa wagonjwa wenye mashimo ya maji ndani ya ugwe, vifuko na uvimbe. Huko Miami, Robert Quencer na Berta Montalvo walieleza mwaka 1984 jinsi ugwe usio na ugonjwa unavyoonekana kwa kipimo hicho, kazi isiyo na mvuto mkubwa kwa mbali lakini ndiyo iliyowapa wengine kipimo cha kulinganishia. Miaka hiyo hiyo MRI ilikuwa inaingia mahospitalini, macho ya wengi yakahamia huko, na ultrasaundi ya mgongo ikabaki mikononi mwa wachache hadi mashine zilipokuwa ndogo na picha zake kuwa safi zaidi.

Matumizi yake hayana mambo mengi, ila kila jambo lina sababu yake. Kwa kuwa mgonjwa amelala kifudifudi, kidonda chenyewe huwa shimo linaloweza kushika maji. Damu ikishakaushwa, shimo hujazwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, ya uvuguvugu, maana sauti haivuki tabaka la hewa hata liwe jembamba vipi. Mama mjamzito hupakwa jeli tumboni kwa sababu hiyo hiyo. Hapa maji ya chumvi huchukua nafasi ya jeli. Kichwa cha kupimia ni kidogo, mara nyingi chenye shingo iliyopinda ili kiingie kwenye kidonda chembamba, nacho huvalishwa mfuko wa plastiki uliotakaswa wenye jeli ndani. Daktari hukizamisha majini na kukishikilia juu ya dura pasipo kuigusa. Pengo la kama sentimita 1 hufanya ugwe usikandamizwe, na huitoa dura kwenye eneo lililo karibu mno na kichwa cha kupimia, ambako picha huwa na ukungu. Viputo vya hewa hufyonzwa kwa mpira, kwa kuwa kila kiputo huweka kivuli. Taa hupunguzwa. Ugwe hutazamwa kwa urefu, kisha kwa upana, kutoka mwisho mmoja wa kidonda hadi wa pili. Na ili pasiwe na shaka upande wa kichwani ni upi, msaidizi hutumbukiza ncha ya kifaa upande huo nayo huonekana kwenye skrini. Yote hayo huchukua dakika chache.

Ugwe usio na ugonjwa una sura yake. Dura ni mstari mweupe unaong'aa. Chini yake upo mkanda mweusi wa maji, kwa sababu maji matupu hayana mpaka wa kurudisha mwangwi. Ndani ya weusi huo nyuzi za araknoidi huonekana kwa mbali. Unafuata ugwe: ukingo mwembamba mweupe, mwili wa kijivu kizito, na katikati alama nyeupe ambayo wataalamu huiita mwangwi wa kati. Mbele yake upo tena mkanda mweusi, dura ya mbele, na ukuta wa mfupa. Na ugwe hautulii. Hupwita taratibu kufuatana na moyo, na huinuka na kushuka kidogo kwa kila pumzi. Picha tuli za MRI hazioneshi mwendo huo, lakini daktari aliyezoea huusoma haraka: palipobanwa, mpwito hufifia, palipofunguliwa, hurudi.

Kabla ya kukata dura, swali ni lile lililomkabili Horsley. Eksirei ya mezani humsaidia daktari kuhesabu pingili na kujua yuko ya ngapi, jambo lisilo dogo kifuani ambako pingili 12 hufanana na kosa la kuhesabu ni rahisi kutokea. Lakini eksirei haiuoni uvimbe. Ultrasaundi huonesha mwanzo na mwisho wake. Ikionekana kwamba ncha moja imejificha chini ya mfupa, mfupa huo huondolewa wakati dura bado inaukinga ugwe. Kuuondoa baada ya dura kukatwa ni hatari ambayo ingeweza kuepukwa: keekee huzunguka juu ya ugwe ulio wazi, na damu ya mfupa hutiririkia ndani. Uvimbe ukiwa mdogo, dura hukatwa kwa urefu unaotakiwa tu, na mkato mfupi ni rahisi kuushona usivujishe maji baadaye. Shwanoma za chini, kwenye shada la mizizi ya neva, huweza hata kuhama. Iliyoonekana usawa wa pingili fulani kwenye MRI huweza kukutwa juu au chini ya hapo mgonjwa akishageuzwa kifudifudi. Kuitafuta kwa ultrasaundi ni afadhali mno kuliko kurefusha mkato kwa kubahatisha.

Hatua ngumu kuliko zote ni kupasua ugwe wenyewe. Njia iliyo salama zaidi ya kuingia ni mfuo wa katikati upande wa nyuma, baina ya nguzo mbili za neva zinazopeleka ubongoni habari za mguso na mahali viungo vilipo. Daktari akiukosa mfuo huo kwa milimita 1 au 2, mgonjwa anaweza kuamka akiwa na nguvu za miguu lakini asijue miguu yake iko wapi mpaka aitazame. Mtu huyo hutembea kwa shida mchana, na gizani huanguka. Uvimbe nao hurahisisha kosa, kwa kuwa hutanua ugwe, huuzungusha upande, na hufuta alama za juu ambazo darubini ingezitegemea. Picha ya upana huonesha ugwe umezunguka kiasi gani, mizizi ya nyuma inaingilia wapi kila upande, na uvimbe umekaribia uso wa ugwe mahali gani. Daktari hukata akiwa na sababu ya kukata pale.

Urefu wa mkato ni suala jingine. Ependimoma nyingi huwa na vifuko vya maji juu na chini yake, na kwenye MRI ugwe huweza kuonekana umevimba kwa pingili saba au nane ilhali uvimbe wenyewe umechukua tatu. Ukuta wa vifuko hivyo vya nchani kwa kawaida si uvimbe. Uvimbe ukitolewa, vifuko hunywea vyenyewe. Ultrasaundi hutofautisha mambo haya mawili mara moja, kwa kuwa maji ni meusi na ependimoma ni nyeupe, na ugwe hupasuliwa juu ya uvimbe tu. Kila sentimita isiyopasuliwa ni neva ambazo mgonjwa anaondoka nazo. Kama kipimo hiki kingekuwa na kazi hii moja tu, ingetosha kuwa sababu ya kukileta kwenye chumba cha upasuaji.

Kila aina ya uvimbe huonekana kwa namna yake, ingawa jina la mwisho hutolewa na maabara. Meningioma ni nyeupe, imara, imekaa kwa msingi mpana kwenye dura na kuusukuma ugwe pembeni. Shwanoma imeshikamana na mzizi wa neva na mara nyingi ina vishimo vya maji ndani. Ependimoma hukaa katikati ya ugwe, ina weupe wa kufanana kote na mpaka unaoweza kufuatwa. Hemangioblastoma ni fundo jeupe dogo pembeni ya kifuko kikubwa cheusi. Astrositoma ndiyo inayosumbua: rangi yake hukaribiana na ya ugwe uliovimba, kingo zake huyeyukia kwenye tishu jirani, na dalili iliyo wazi huweza kuwa tu kupotea kwa ule mwangwi wa kati. Picha hapo inasema ukweli wa ugonjwa wenyewe, kwa sababu astrositoma kwa kawaida haina mpaka unaoweza kutengwa, na anayeilazimisha itoke yote huharibu ugwe.

Teknolojia ya Dopla huongeza habari za damu. Mawimbi yanayorudi kutoka kwenye damu inayotembea hubadilika masafa, na mashine hugeuza badiliko hilo kuwa rangi. Katika hemangioblastoma, mishipa inayoilisha lazima izibwe kwanza kabla ya ile inayotoa damu. Ikifanywa kinyume, fundo hufura na kupasuka. Dopla huonesha mishipa hiyo hata iliyofichika ndani. Zipo pia dawa za kuongeza mwangwi, ambazo ni viputo vya gesi vyenye upana wa maikromita chache, vidogo vya kutosha kupita kwenye kapilari, vinavyochomwa kwenye mshipa. Hung'aa popote damu inapopita, na gesi yake hutoka kwa pumzi. Katika upasuaji wa mgongo matumizi ya viputo hivi bado ni ya vituo vichache.

Uvimbe ukishatolewa, shimo lililobaki hujazwa maji na kichwa cha kupimia hurudishwa. Kipande kilichosahaulika kwenye kona huonekana cheupe ukutani. Mikanda miwili ya maji, ya nyuma na ya mbele, inapaswa kuwa imerudi, na ugwe uwe unapwita. Hapa lakini ndipo picha inapodanganya kirahisi. Damu iliyoganda ni nyeupe. Pamba za upasuaji na sponji za kuzuia damu ni nyeupe pia. Daktari asiyekumbuka alichoweka kwenye shimo anaweza kukimbiza uvimbe usiokuwepo, na akaumiza ugwe mzima. Kwa hiyo kila kitu cha kuzuia damu huondolewa kwanza, shimo husafishwa, na picha mpya hulinganishwa na ile ya kwanza iliyohifadhiwa kwenye mashine.

Kwa saratani iliyosambaa kwenye pingili, swali la mwisho ni tofauti. Mwaka 2005 Roy Patchell na wenzake walichapisha katika The Lancet utafiti wa wagonjwa 101 ambao ugwe wao ulikuwa umebanwa na saratani ya namna hiyo. Kati ya waliofanyiwa upasuaji wa kuufungua ugwe pande zote kisha mionzi, asilimia 84 waliweza kutembea baada ya matibabu. Kati ya waliopata mionzi peke yake, asilimia 57. Maneno "pande zote" yana uzito. Daktari huingilia nyuma, lakini saratani kwa kawaida hukaa mbele, kwenye mwili wa pingili, nyuma ya ugwe kwa upande anaotazama yeye. Hutoa uvimbe kwa kupitia ubavuni mwa dura, akifanya kazi mahali ambapo jicho halifiki. Ultrasaundi humwonesha kama ule mkanda mweusi wa mbele umerudi au bado kuna kitu kinachousukuma ugwe. Ni jibu ambalo bila kipimo hiki lingesubiri MRI ya baada ya upasuaji, wakati mgonjwa ameshashonwa. Inafaa picha ichukuliwe kabla ya skrubu na vyuma vya kushikilia pingili kukaa mahali pake, kwa sababu chuma hutupa vivuli na mianga ya uongo.

Mipaka ya kipimo hiki ni ya kweli na haifai kufichwa. Eneo linaloonekana ni dogo, upana wa kichwa cha kupimia tu. Kuvimba kwa ugwe na maji yaliyojaa kwenye tishu huchanganyika na kingo za ugonjwa. Makovu ya upasuaji wa awali na ya mionzi huchafua picha. Zaidi ya yote, ubora wa matokeo unategemea mkono na jicho la anayepima, tofauti na MRI ambayo hutoa picha zile zile aliyeendesha mashine awe nani. Ultrasaundi pia haisemi neva zinafanya kazi au la. Kazi hiyo hufanywa na vipimo vya umeme: waya nyembamba huwekwa kichwani na kwenye misuli, ishara zikapitishwa kwenye ugwe wakati wote wa upasuaji, na zikidhoofika daktari husimama. Ultrasaundi humwambia uvimbe uko wapi. Ishara za umeme humwambia ni wakati gani aache. Hakuna kipimo kinachochukua nafasi ya kingine.

Zipo hospitali tajiri zilizojenga vyumba vya upasuaji vyenye MRI ndani. Chumba cha namna hiyo kinahitaji sumaku kubwa, kuta maalumu na vifaa visivyovutwa na sumaku, na kila picha husimamisha upasuaji kwa muda mrefu. Gharama hizo ziko mbali na hospitali nyingi duniani, zikiwemo zile zinazobeba mzigo wa upasuaji wa mgongo Afrika Mashariki, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ya Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Mulago ya Kampala. Ultrasaundi haina masharti hayo. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mjamzito apimwe kwa ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24, na leo mashine hizi zimezoeleka mbali na miji mikubwa. Kichwa cha masafa ya juu kinachofaa ugwe mgongo kinafanana na kile ambacho madaktari wa usingizi hukitumia kutafuta mishipa ya damu na neva za kuchoma ganzi. Kinachobaki ni mifuko iliyotakaswa, utaratibu wa kusafisha kichwa cha kupimia, na mtu anayejua kusoma picha.

Ujuzi huo hupatikana kwa kuanza na yaliyo rahisi. Kwenye kila upasuaji unaoondoa tao la pingili, hata wa diski au wa mfereji uliobana kwa uzee, dura huwa wazi na maji ya chumvi yapo mezani. Dakika mbili zinatosha kuzoea mstari wa dura, mikanda ya maji na mwangwi wa kati kwa mgonjwa ambaye ugwe wake hauna uvimbe. Daktari wa mionzi akiitwa chumbani siku za mwanzo, kujifunza huenda haraka zaidi, kwa kuwa yeye anaijua mashine na mpasuaji anajua anachokitazama. Picha za kila mgonjwa huhifadhiwa na kuwekwa pamoja na MRI yake ya kabla na ya baada, na kwa kuzilinganisha ndipo daktari hugundua ni weupe upi aliouacha ulikuwa damu na ni upi ulikuwa uvimbe.